Bendera za Egevej

Miwani ilikuwa imevunjika kioo kimoja, na kwenye kishikio chake cha kushoto palikuwa na damu iliyokauka.

"Bila hiyo mjomba haoni hata kijiko alichoshika," Bodil alisema. "Sasa niambie, Inspekta, mtu kama huyo atahamaje? Atahama usiku, bila miwani, na mbwa kamwacha kwenye mnyororo?"

Inspekta Thorvald Brask aliifunga miwani kwenye leso, akaitia mfukoni, akalikagua jiko lile dogo. Kikombe kimoja mezani. Mkate mweusi umefunikwa kitambaa. Msumari wa koti mtupu. Na juu ya meza taa ilikuwa bado inawaka, mchana kweupe wa mwezi wa Mei. Mtu anayehama huzima taa. Huyu alitoka jioni, akijua atarudi baada ya muda mfupi.

"Kuna kingine kisichokuwapo?"

Bodil alizungusha macho. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mpwa wa mzee, na kila Alhamisi saa tatu asubuhi alikuja kumfulia. Leo alikuta mlango wazi na mbwa analia. Miwani aliiokota mwenyewe kwenye njia ya nyuma, hatua kadhaa kupita bustani.

"Kapu lake la viazi silioni," alisema.

"Fabricius," Brask aliita, "hebu tazama bustanini kama kuna kapu."

Koplo Gudrun Fabricius alikuwa keshatoka. Alirudi na matope mpaka kwenye magoti. "Hakuna kapu, Inspekta. Bustani haijachimbwa. Nyuma ya hapo ni vilima vya udongo wa ujenzi tu, kila mahali, na mabomba ya saruji."

Kisa chenyewe hakikuwa na siri. Laurids Damgaard alikuwa mtunza misitu wa kasri la Rugholm tangu ujana wake. Bwana mkubwa wa mwisho alipofilisika na kuuza ardhi, aliweka sharti moja tu la heshima: mzee akae kwenye nyumba ya getini mpaka afe, au ahame kwa hiari yake. Mnunuzi, Preben Hvidberg, alitia saini akicheka. Mzee wa miaka sabini, atadumu mpaka lini? Basi akapima viwanja, akakata mialoni, akajenga nyumba za matofali ya manjano, na mtaa akauita Egevej, yaani Njia ya Mialoni, labda ili watu wajue kilichokuwapo. Nyumba zikauzwa kama mkate moto. Kumbe barabara ya lami na mtaro wa majitaka havikuwa na pa kupita ila palepale kwenye jiko la Damgaard. Mzee akadumu. Watu wa Egevej wakavuka msimu wa pili wa baridi wakitembea kwenye matope na kunusa mashimo yao ya choo.

Akifa, barabara itapita. Akihama, barabara itapita. Akiwa hai na yuko kwake, haipiti. Brask alihesabu waliokuwa na sababu ya kumtakia mabaya, akaona ni mtaa mzima.

Hvidberg alikuwa anasubiri getini, ameegemea gari lake jeusi, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Amehama," alisema kabla hajaulizwa. "Mtu akiacha nyumba wazi, sisi tunaita kuhama."

"Mkono umefanya nini, Bwana Hvidberg?"

"Nimeng'atwa."

"Na nani?"

"Na yule shetani wa kwenye mnyororo. Jana alasiri nilikuja kuzungumza na mzee kistaarabu. Akanifungulia mbwa."

"Kistaarabu," Brask alirudia. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ana kichwa cha jiwe. Si uongo."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari nikidungwa sindano, halafu chakula cha jioni na madiwani wawili. Waulize. Walikula mpaka nikaogopa." Hvidberg alitupa sigara. "Inspekta, usinitazame hivyo. Mimi nina watu wananipigia simu kila siku kuhusu vyoo vyao. Tingatinga liko pale nyuma, dereva anakaa bure. Nianze kubomoa nyumba hii lini?"

"Nyumba hii usiiguse hata kwa kidole."

"Na huko nyuma? Vile vilima ninavisawazisha leo."

Brask alikuwa anawaza bendeji, damu na miwani. "Huko nyuma fanya upendavyo," alisema.

Hvidberg alipiga mluzi. Nyuma ya miti michache iliyobaki injini ilikohoa, ikawaka, ikaanza kunguruma.

Fabricius alienda kupiga simu kwa daktari na madiwani. Alirudi anatikisa kichwa. Daktari alithibitisha meno ya mbwa, na diwani mmoja alithibitisha chakula, hata akataja kitindamlo.

"Basi Hvidberg hakuwa hapa jioni," Brask alisema. Ilimuuma kidogo. Uso wa Hvidberg ulikuwa uso mzuri wa kutia pingu. "Twende nyumba kwa nyumba. Nani alimwona mzee mara ya mwisho, nani aligombana naye. Na uwe mpole, kuna msiba mtaani."

Msiba wenyewe alikuwa ameuona tangu anaingia na gari. Bendera tatu za Egevej, nyekundu zenye msalaba mweupe, zilikuwa nusu mlingoti. Brask alivua kofia ndani ya gari, kama alivyolelewa, na hakuwaza zaidi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Thestrup, mke wa daktari wa meno. Viatu vya matope vilipangwa mlangoni kama askari kwenye gwaride.

"Poleni na msiba, bibi," Brask alisema, kofia mkononi.

"Ahsante, lakini si wetu," Bibi Thestrup alisema. "Wa kwa Krogh. Tumeona bendera yao imeshuka, nasi tukashusha. Ni jirani."

"Nani ametutoka kwa Krogh?"

"Jamani, Inspekta! Mtu haulizi. Watasema wenyewe watakapoweza."

Fabricius alitazama viatu vyake ili asicheke. Brask aliendelea. Mzee Damgaard? Ndiyo, jana jua likielekea kuzama Bibi Thestrup alimwona akipita nyuma kwa fimbo yake, na kapu.

"Kapu? Alikuwa peke yake?"

"Alipopita alikuwa peke yake. Baadaye nilisikia watu wanabishana huko kwenye visiki vya mialoni. Mmoja ni yeye, ile sauti yake kama msumeno. Wa pili sikumtambua, alikuwa anabembeleza. Halafu kukawa kimya, nikajua wameelewana." Alisita. "Hatukumpenda, sitaki kukudanganya. Lakini mabaya hatukumtakia. Tulitaka barabara tu."

Walipotoka, tingatinga lilisikika karibu zaidi, vyuma vyake vinalia kila lilipogeuka.

Nyumba ya pili mlango ulifunguliwa na Lauge Krogh, bwana posta mstaafu, amevaa tai yenye maua na ana makombo ya keki kwenye masharubu.

"Poleni na msiba, Bwana Krogh."

"Msiba gani?" Kisha akakumbuka, akafuta makombo. "Aa, ile bendera! Si wetu, Inspekta. Kwetu leo ni sherehe. Mjukuu wetu katimiza miaka saba. Asubuhi saa mbili nimetoka kupandisha bendera juu kabisa kwa ajili yake. Kutupa jicho, ya Nymark hapo mbele iko nusu. Nikasema, mama yangu, utamshangiliaje mtoto mbele ya kilio cha jirani? Nikaiteremsha nusu. Mtoto kalia, nikamwambia kula keki, utaelewa ukikua."

"Na wewe hukuuliza nani kafa."

"Huyo atakuwa mtu wa namna gani, aulizaye?"

Fabricius hakuweza tena kujizuia. "Mtaa mzima unaomboleza," alinong'ona walipokuwa wanashuka ngazi, "na hakuna amjuaye maiti!"

Brask alicheka naye, lakini kicheko kilikatika njiani. Alirudi mlangoni kwa Krogh.

"Nymark ana wazazi?"

"Wote walishakwenda zamani. Mume na mke wote ni yatima, maskini, na mtoto hawana. Ni wao wawili tu, na mume nimemwona dirishani asubuhi. Mimi nilidhani pengine shangazi." Krogh alishusha sauti. "Ove Nymark ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba. Mwalimu wa hesabu, mtu wa watu. Hiyo barabara ndiyo imemzeesha. Kila mkutano tunamrukia yeye, kana kwamba Damgaard ni babu yake."

Brask alitazama bendera ya tatu. Ilining'inia bila upepo, katikati ya mlingoti mweupe, na kamba yake imefungwa vizuri. Saa mbili asubuhi, Krogh alisema. Bodil alifika kwa mjomba wake saa tatu. Saa mbili hakuna mtu Egevej nzima aliyekuwa anajua hata kwamba mzee hayupo.

"Fabricius," alisema polepole, "punguza ucheshi. Simama karibu na mlango."

Bibi Asta Nymark alifungua kabla hawajabisha. Alivaa gauni jeusi lenye ukosi mweupe, na harufu ya kahawa ilimfuata nyuma. Alikuwa mwanamke mdogo, mnyoofu, wa kile kizazi ambacho mtu akifa hufunga mapazia ya mbele hata kabla ya kukaa chini kulia.

"Karibuni. Nilijua mtapita. Kahawa iko tayari."

"Pole na msiba, bibi," Brask alisema. "Nani ametutoka?"

Asta alimtazama kwa mshangao. "Si mzee Damgaard? Kwani hamkuja kwa sababu hiyo?"

Huko nje tingatinga lilirudi nyuma, likavuta pumzi, likaja tena.

"Nani kakwambia, bibi?"

"Mume wangu. Hakula jana usiku, asubuhi hakula, na shule hakwenda. Nikamuuliza, Ove, una nini? Akaniambia, Damgaard kafa. Nikaenda kupandisha bendera nusu mlingoti." Alikunja mikono. "Watu hapa walimsema vibaya, najua. Lakini maiti ni maiti. Nikasema sisi angalau tumheshimu, tuwe wa kwanza."

"Na mlikuwa wa kwanza," Brask alisema. "Mumeo yuko wapi?"

Hakuhitaji kuuliza. Ove Nymark alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, mrefu, mwembamba, shati halijafungwa vifungo. Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki ya ubaoni.

"Bwana Nymark, mimi natafuta mtu aliyepotea. Mpaka dakika hii sijui kama kafa. Mpwa wake hajui. Hvidberg anayeomba kila usiku mzee afe hajui. Wewe umejuaje?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

Nymark alianza kufunga vifungo vya shati.

"Ove," Asta alisema, "mwambie. Ulisikia kwa watu, si ndiyo?"

"Sikukwambia nimesikia kwa watu, Asta. Nilisema kafa."

"Ndiyo, lakini..." Akaacha. Alimtazama mumewe, akatazama dirishani ilipo bendera aliyoifunga kwa mikono yake miwili, na mkono mmoja ukapanda taratibu mdomoni. "Ewe Mola wangu. Ove!"

"Nilimbembeleza tu," Nymark alisema, na maneno yakaanza kumtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Nilimfuata nyuma, nikamwomba aruhusu angalau mtaro upite bustanini. Nikamweleza habari za mashimo, watoto wanaumwa matumbo. Akanicheka. Akaniambia mimi ni mbwa wa Hvidberg asiye na meno. Nikamsukuma. Kidogo tu, Inspekta, hivi! Ukucha ukamkwaruza sikioni, miwani ikaruka. Akarudi nyuma, mlango ulikuwa wazi mgongoni mwake, akaanguka ndani. Ni shimo refu. Nilimwita. Nilimwita sana. Hakujibu."

"Uliteremka?"

"Kulikuwa giza."

"Uliteremka, mwalimu, au hukuteremka?"

"Sikuteremka. Nilifunga mlango. Asubuhi nikaiona bendera. Ningemwambiaje Asta aipandishe juu? Ningempa sababu gani?"

Brask alimsogelea, akamshika ukosi wa shati. Hakuwa na hasira mpaka wakati ule. Sasa alikuwa nayo tele, na nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Shimo lipi?"

Nymark hakuinua mkono. Aligeuza kichwa tu, kuelekea kule injini ilikokuwa inanguruma.

"Ghala la barafu la kasri. Lile shimo la zamani la kuhifadhia barafu, chini ya kilima cha majani. Alikuwa akiweka viazi vyake humo."

Fabricius alikuwa keshafika nje.

Brask hakuwa amekimbia miaka kumi. Alikimbia sasa, kofia ikaanguka akaiacha, matope yakamvua kiatu kimoja akakiacha nacho. Mbele yake alimwona koplo wake anaruka mabomba ya saruji, anapita vilima vya udongo, na kule mwisho, kati ya visiki vya mialoni, tingatinga la manjano likiwa limeinamisha ubao wake wa chuma. Kilima cha mwisho kilikuwa na majani. Vile vingine vyote vilikuwa udongo mtupu. Angekuja mwenyewe mara moja tu kutazama, angekiona. Huko nyuma fanya upendavyo, alikuwa amesema.

Nusu ya kilima haikuwapo tena.

Fabricius alisimama mbele ya chuma kile na kunyoosha mikono yote miwili. Tingatinga lilisimama karibu kumgusa kifua.

"Wewe mama, umechoka kuishi?" dereva alifoka.

"Zima! Zima, kuna mtu chini!"

Injini ilizimika. Dereva aliteremka bila rangi usoni, akaleta sepetu mbili. Mlango wa ghala ulikuwa umezikwa na udongo uliosukumwa. Walichimba. Hvidberg alifika mbio, akauliza kuna nini, akajibiwa kwa neno moja, akavua koti lake la kitambaa ghali na kuchimba kwa mkono wake uliong'atwa bila kuuliza la pili. Nymark naye alikuja, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Alichimba kwa kucha. Bodil alisimama nyuma yao ameshika mnyororo wa mbwa, na mbwa ndiye pekee aliyekuwa anatoa sauti.

Mlango ulipatikana. Bawaba moja ilikuwa imevunjika, na udongo ulikuwa umemiminika ndani kiasi cha mikokoteni miwili. Harufu ya unyevu na majani makavu ya karne iliyopita ikawapiga usoni.

"Mzee Damgaard!" Brask aliita.

Walimfunga Fabricius kamba kiunoni, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko wote, wakamteremsha na kurunzi. Kamba ilikwenda, ikaendelea kwenda. Brask aliishika kwa mikono miwili na hakumtazama mtu yeyote, hasa Bodil. Kamba ikalegea. Amefika chini.

Asta Nymark alikuwa amekuja na gauni lake jeusi, amesimama mbali kidogo na mumewe, kama mtu aliyekosea mazishi.

"Inspekta!" Sauti ya Fabricius ilitoka chini, nyembamba, inagonga kuta. "Leteni machela! Mguu umevunjika, na kichwa kina jeraha. Yuko juu ya majani makavu ya zamani, udongo haukumfikia." Halafu, baada ya kitambo: "Anapumua, Inspekta! Anapumua, na ananitukana!"

Bodil alikaa chini kwenye matope palepale alipokuwa. Ove Nymark alianza kulia kwa sauti, kilio kibaya cha mwanaume asiyezoea, na dereva wa tingatinga akavua kofia na kugeukia upande mwingine.

"Utakuja nami kituoni," Brask alimwambia mwalimu.

"Nitakuja," Nymark alisema. "Yu hai. Nitakuja popote."

Ilichukua muda kumtoa mzee. Gari la wagonjwa halikuweza kuingia kwa sababu ya matope, basi wanaume wanne walimbeba mzee kwenye machela kupitia katikati ya Egevej, Hvidberg akiwa mmoja wao, akiteleza na kulaani barabara asiyoijenga. Laurids Damgaard alifunikwa blanketi tatu. Alikuwa wa buluu midomoni, na bado amelikumbatia kapu la viazi, hakukubali mtu amwondolee. Brask alitoa ile miwani mfukoni, akaifuta, akamvalisha. Kioo kimoja kilitosha.

Mzee alipepesa jicho. Aliwaona watu wa Egevej wamesimama kwenye milango yao, hawasemi neno. Aliona mlingoti wa kwanza, akaona wa pili, akaona wa tatu.

"Nani kafa?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza Egevej, mtu asiye polisi alikuwa ameuliza.

Bodil alicheka na kulia kwa pamoja. "Wewe, mjomba."

"Mimi?" Alifikiri kidogo. Ile sauti ya msumeno ilikuwa imebaki uzi tu, lakini kila mlango uliisikia. "Basi waambie wapandishe. Na waambie mimi sihami."

Asta Nymark alivuka barabara ya matope mpaka bustanini kwake. Fundo lilimshinda mara mbili, halafu likafunguka. Bendera ilipanda juu kabisa. Ng'ambo ya pili Krogh aliona, akaenda kupandisha ya mjukuu wake. Bibi Thestrup akaona ya Krogh, naye akapandisha yake.